Ombi la Zamu ya Sauna kwa Samaki Mgonjwa wa Namba 14

Lahti, Alhamisi, 13 Februari

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Wakazi,
Bi. Marjatta Kortesuo,
Jengo la Honkapirtti, ngazi B

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lifti bado inakufikisha kwenye ghorofa unayoitaka. Mimi ni Oiva Ryhänen wa namba 14, fundi lifti mstaafu, mkazi wa humu kwa miaka thelathini na mmoja. Katika miaka yote hiyo sijawahi kuisumbua Bodi ila kuhusu theluji, taa za ngazini, theluji tena, na yule njiwa. Leo nalazimika. Nina mgonjwa ndani, na jirani hanipi nafasi ya kumuuguza.

Mgonjwa ni Kaapo, samaki wa dhahabu, umri miaka tisa. Marehemu mke wangu Saimi ndiye aliyemleta nyumbani, ndani ya mfuko wa plastiki alioufutika kifuani mwa koti ili asipigwe na baridi. Tangu Krismasi ipite Kaapo anaelea tumbo juu. Nimefanya kila linalofanywa na muuguzi mwenye cheti: nambadilishia maji asubuhi na jioni, namtilia chumvi kidogo, namsomea gazeti, nampa chembe za mkate mweusi, ule ule ulionikuza mimi hadi nikafika hapa nilipo. Kitabu cha maktaba kinasema mgonjwa wa aina hii apewe joto. Sasa joto la nyumba zetu linapangwa na Bodi, nayo Bodi imetupangia nyuzi ishirini na moja, uwe mzima, uwe mahututi. Mahali pekee penye joto la maana ni chumba cha kubadilishia nguo cha sauna yetu ya mvuke kule chini, nami zamu yangu ni Alhamisi, saa kumi na mbili hadi saa moja jioni. Basi namshusha na ndoo, kwa miguu, maana lifti inamtikisa.

Kutokana na hayo nina malalamiko yafuatayo.

1. Kuhusu tangazo ubaoni. Wiki nne zilizopita pale mlangoni kilibandikwa kikaratasi kisicho na jina kikisema: "Sauna ni ya watu. Anayetaka kuchemsha samaki, jiko analo kwake." Jina halikuandikwa, lakini mwandiko ni wa Bi. Sylvi Lampela wa namba 9, mpishi mstaafu wa shule, ambaye zamu yake inafuata yangu. Naujua kwa sababu ndiye aliyeandika pia kile cha baiskeli, kile cha kukung'uta mazulia kabla ya saa iliyoruhusiwa, na kile cha mtu anayepiga mluzi ngazini. Mtu huyo ni mimi, na wimbo ule ulikuwa wa dini.

2. Kuhusu shtaka la kupoteza zamu. Bi. Sylvi amemwambia mtunza jengo, na mtunza jengo amewaambia wote, kwamba nakaa kwenye benchi nimevaa viatu, ndoo magotini, saa nzima, bila kuingia kwenye mvuke. Nakiri. Najua uzito wa jambo hili. Najua kuna familia iliyosubiri zamu ya Alhamisi miaka sita, na kwamba kuacha mawe ya moto bila kuyamwagia maji ni aibu ambayo baba yangu asingeisamehe. Lakini nionyesheni kanuni inayosema mwenye zamu lazima atoke jasho. Hata hivyo, kwa kuheshimu majirani, tangu siku ile navua nguo, naingia, najichoma kama mtu mwingine yeyote, huku mgonjwa wangu ameachwa peke yake chumba cha nje, dakika kumi, dakika kumi na tano. Kikitokea cha kutokea, kitakuwa juu ya dhamiri ya namba 9.

3. Kuhusu maji. Mwezi uliopita Bodi iliniandikia kuuliza kama kuna mtu wa pili anayeishi namba 14, kwa kuwa mita inasoma maji mengi kuliko ya mwanamume mmoja mzee. Nilijibu kwa uaminifu: yupo. Bodi haikupinga. Basi, Ndugu Mwenyekiti, huwezi kumhesabu mtu kwenye mita ukamsahau kwenye mambo mengine. Kama Kaapo ni mkazi wa maji, ni mkazi. Naomba jina lake liandikwe chini ya langu kwenye ubao wa majina mlangoni. Naomba aalikwe kwenye mkutano mkuu wa mwaka na apewe kura. Na ikiwa nafasi ya mjumbe iliyoachwa na Bwana Hietanen bado iko wazi, nampendekeza. Hamkatizi mtu maneno. Haleti mambo ya maegesho. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Bodi yetu, naomba radhi, mshindo inao tele, imekosa hicho kimya tu.

4. Kuhusu lugha. Wiki iliyopita tulikutana na Bi. Sylvi mlangoni pa sauna, mimi natoka, yeye anaingia na taulo begani. Hakunisalimu. Aliinamia ndoo akasema: "Hujamzika tu huyu? Tumbo lote hilo! Mtu mzima mzima, unamtesa kiumbe wa watu!" Nikamjibu kwa adabu kwamba Kaapo anakula vizuri kuliko mimi. Akasema, "Ndiyo hayo ninayoyasema," akanifungia mlango. Mwenyekiti, watu wa nyumba hii tunachungulia kwenye tundu la mlango tusije tukakutana ngazini. Hatujazoea kusemeshwa, sembuse kutukanwa.

5. Sasa nafika kwenye ombi lenyewe. Nimekuwa nikiandika hali ya mgonjwa kwenye daftari, kama nilivyoandika za lifti. Kwa wiki tatu mfululizo, kila Ijumaa asubuhi Kaapo anaamka yuko wima, anazunguka bakuli, ananitazama. Jumamosi anaanza kuinama. Jumapili, tumbo juu tena. Sihitaji shahada kuona kwamba Alhamisi ndiyo dawa, na kwamba dozi haitoshi. Daktari gani anatoa dawa mara moja kwa wiki? Naomba Kaapo, kwa haki yake ya ukazi iliyothibitishwa katika hoja ya tatu, apewe zamu yake mwenyewe, na zamu hiyo iwe ile ya saa moja hadi saa mbili inayofuata yangu, ili joto lisikatike. Bi. Sylvi ahamishiwe Jumanne saa tisa alasiri, ambayo iko wazi na inamfaa mtu mwenye ulimi wa baridi.

Najua mtacheka. Chekeni. Ila nikueleze jambo moja waziwazi, kwa kuwa kwa mdomo sitaweza. Tangu Saimi aondoke, huyu ndiye aliyebaki wa kuambiwa "habari za asubuhi" ndani ya nyumba ile. Kila siku nikiamka nalala kwanza dakika mbili bila kugeuka upande wa dirishani, kwa sababu naogopa nitakachokikuta kwenye bakuli. Naogopa, Mwenyekiti. Ndiyo maana nimekuwa mkali.

Nisalimie Bwana Kortesuo na goti lake jipya. Wasalimie mtunza jengo, mapacha wa namba 3, mbwa wa namba 11 na mwenye mbwa. Msalimie na Bi. Sylvi, ila salamu yake uifikishe bila kutabasamu.

Nabaki mkazi wako mtiifu, kwa sasa nikiwa na joto la nyuzi ishirini na moja,

Oiva Ryhänen
(kwa niaba yangu na ya Kaapo)

Nyongeza, siku hiyo hiyo, saa mbili na robo:

Barua hii nilishuka nayo sauna ikiwa kwenye mfuko wa koti, ili niitie kwenye sanduku lako la barua nikimaliza. Nikaacha ndoo kwenye benchi, nikaingia kwenye mvuke, nikakumbuka nimesahau sabuni, nikatoka. Bi. Sylvi alikuwa amechuchumaa mbele ya ndoo, mikono ya sweta imekunjwa. Kando yake palikuwa na kisosi cha njegere zilizochemshwa. Alikuwa akizimenya moja moja kwa kucha na kumdondoshea Kaapo, akimwambia, "Kula, baba, kula, kabla mwenyewe hajatoka."

Hakushtuka. Alisema: "Usinikodolee macho, jifunge taulo. Mnyama amefunga choo. Wiki ya nne hii namlisha njegere, anafunguka, halafu wewe ukifika juu unamshindilia mkate wako mweusi kama gunia. Joto! Joto la nini?"

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungesikia? Wewe ungeniandikia barua."

Koti lilikuwa limetundikwa juu ya kichwa chake. Sikuona njia nyingine, nikaitoa barua mfukoni, nikampa. Aliisoma yote akiwa amesimama, nami nimesimama na taulo. Akasema hoja ya tatu ina nguvu na kwamba atamuunga mkono Kaapo kwenye mkutano mkuu. Zilizobaki ni upuuzi mtupu, na ile ya ulimi wa baridi niifute. Nikaanza kucheka, akacheka na yeye, tukacheka mpaka mwenye mbwa wa namba 11 akaja kugonga kuuliza kama kuna mtu ameanguka.

Kaapo yuko wima ninapoandika. Mkate nimeuweka kabatini juu kabisa. Kesho asubuhi Bi. Sylvi anapanda kunionyesha namna ya kumenya, maana kucha zangu ni za fundi, na amesema kahawa nipike mimi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, ya kwanza, ya pili, ya nne na ya tano nayafuta. Zamu ya Bi. Sylvi tafadhali usiiguse. Na kama Bodi imeishia kusoma hoja ya tano na mmekwisha kumhamishia Jumanne, basi tuhamishieni Jumanne na sisi.