Upanga wa Mikono Miwili na Mundu wa Mama Walburga

Wewe uliyelifungua faili hili, najua hukuwa unatafuta shajara. Ulikuwa unatafuta malalamiko ya vyoo ya mwaka 1994. Hakuna aliyeyatafuta tangu 1994, na ndiyo maana nimejificha humu. Nakuomba, kwa adabu yote niliyofundishwa nyumbani Liuli, usimwambie mtu hata neno moja. Zaidi ya wote usimwambie Bwana Pankras, mkuu wa ofisi hii ya kahawa. Mimi ni karani wake wa masijala. Sina kazi nyingine.

Jumatatu, 6 Julai 2009

Baridi. Mbinga nzima imevaa makoti. Lakini mimi natoka jasho, kwa sababu nafasi imepatikana!

Kwa kumbukumbu: kwa Othmar, mwenye duka la intaneti karibu na stendi, tunacheza mchezo wa mtandaoni uitwao Milki ya Ukungu. Nikisema tunacheza, nina maana wao wanacheza, mimi nasimama nyuma ya viti. Kikosi ni watu wanne. Mmoja ni ngao: anasimama mbele na kupigwa ili wenzake wasipigwe. Mmoja ni mganga: anawaponya. Wawili ni wapigaji. Othmar ndiye mganga. Mpigaji wa kwanza ni Mama Walburga, fundi cherehani wa chumba cha jirani. Ngao hatumjui sura. Anacheza akiwa kwingine, anajiita Ngao wa Kusini, haongei. Mpigaji wa pili alikuwa Joakim, na Joakim amehamishiwa Tunduru.

Jumamosi saa nane mchana kikosi kinamwendea tena Chatu wa Vichwa Vitatu. Wameshindwa mara sita. Kile kiti cha Joakim nakitaka kuliko nilivyotaka cheti cha kidato cha sita.

Tadei naye anakitaka. Ni karani wa mizani, ofisi yetu hiihii. Anatumia upinde na ana mdomo. Leo mbele ya watu kaniuliza: "Wewe mla usipa, chatu utampiga au utamwandikia barua?" Wakacheka hadi waliokuja kutuma barua pepe, kana kwamba wao hawali dagaa wa ziwani kwetu.

Hofu kubwa: kuna dokezo ukutani linalokataza watumishi kuonekana dukani kwa Othmar saa za kazi. Limesainiwa na Bwana Pankras. Nililiandika mimi kwa mkono wangu, nakala tatu.

Jumatano, 8 Julai

Nimetoroka saa nne hadi saa nne na robo, nikiwa nimebeba faili tupu ili nionekane nina safari.

Mama Walburga alikuwa peke yake, sindano mdomoni, gauni la komunyo magotini, anamwua nguruwe pori wa daraja la arobaini. Mungu wangu, mikono ile! Silaha yake ni mundu. Mundu wa kukatia majani! Katika mchezo mzima hakuna silaha iliyo duni zaidi. Mchezaji mpya huanza nayo na kuitupa siku ya pili. Yeye hajaitupa kwa mwaka mzima. Anakata, anarudi nyuma hatua moja, anakata. Kila mkato unaacha sumu kidogo. Nguruwe akimgeukia, yeye hayupo. Hakuharakisha hata mara moja. Nguruwe alipoanguka alikuwa ameshageuza macho kwenye pindo la gauni.

Kiingereza chake ni kidogo, hivyo mimi humsomea maelezo ya vipaji. Kila mchezaji ana alama ishirini na moja za kugawa kwenye vipaji vitatu: Nguvu, Wepesi na Sumu. Nikamwuliza kagawaje. Akasema zote ziko kwenye Sumu. Zote! Nikasema kwa heshima kwamba huenda si haki kwa vipaji vingine. Alicheka hadi nikaogopa atameza sindano.

Akaniuliza kama kule ziwani kwetu nimewahi kuona shamba la ngolo. Nikasema nimeyaona mashimo yale milimani nikiwa ndani ya basi. "Basi sikiliza, mwanangu. Wanaume wanalaza majani kwa mistari, sisi wanawake tunayafukia. Majani yote yanaozea chini ya tuta moja, hapo mahindi yanakuwa kama miti. Ukiyatawanya mlima mzima, utafukia nini? Utavuna nini?"

Nimeyaandika yote. Mama yule ni chuo kikuu.

Alhamisi, 9 Julai

Kazi ya kitaalamu. Nimechora jedwali nyuma ya fomu ya likizo.

Upanga wa mikono miwili, uitwao Radi: pigo moja linatoa damu mia tatu, lakini kuunyanyua na kuushusha ni sekunde sita. Kwa hiyo hamsini kwa sekunde. Mundu: pigo moja arobaini, kila sekunde. Sumu ikikolea, inaongeza hamsini kwa sekunde. Jumla tisini. Nimehakiki mara tatu. Hakuna ubishi. Mundu unaupita upanga karibu mara mbili, na ukiwa na mundu unaweza kukimbia.

Nimechagua upanga.

Sababu: (a) unang'aa, (b) ule mundu ni wa Mama Walburga, na kumwiga mkubwa ni kukosa adabu, (c) nimesoma hadi kidato cha sita. Siwezi kwenda vitani na mundu.

Vipaji: Nguvu saba, Wepesi saba, Sumu saba. Upanga hautumii sumu kabisa, lakini sikutaka kipaji chochote kijione kimeonewa.

Ijumaa, 10 Julai

Othmar kasema tusimchoshe: mimi na Tadei, atakayewahi kiti kesho saa nane ndiye atakayekikalia. Tadei ana miguu mirefu na hana woga. Nikafikiri. Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Niliandika barua ya safari ya kikazi. Tadei aende Chiwanda kesho alfajiri, kukagua mizani ya kahawa. Nikaichomeka katikati ya barua kumi na moja za kusainiwa, nikazipeleka kwa Bwana Pankras na kusimama mlangoni nikihesabu vigae.

Alisoma. Yeye husaini tu, lakini leo alisoma! Alipofika kwenye barua ile, akavua miwani, akaivaa tena. Akasahihisha koma. Akanitazama muda ambao ningeweza kwenda Liuli na kurudi. Akasaini. Akasema kesho mchana asisumbuliwe na mtu, atajifungia ofisini na ripoti, kama kila Jumamosi.

Mtu mchapakazi kiasi hicho! Hata Jumamosi! Nilijiona mdogo kama mbegu ya ulezi.

Tadei alipoisoma barua akapiga kelele kwamba Chiwanda ni ziwani, ni mihogo na samaki, kahawa gani? Kisha akauliza kama samaki wenyewe ni mbasa. Akaondoka anaimba.

Jumamosi, 11 Julai

Nilifika kwa Othmar saa nne asubuhi. Kiti changu! Nikakaa saa nne nzima bila kwenda haja.

Saa nane kamili, wote wanne tukaingia pangoni. Chatu ni mkubwa kuliko kioo. Utaratibu wa Mama Walburga ni huu: ngao anamchokoza kwanza, vichwa vyote vitatu vinamgeukia, ndipo wapigaji wanaanza. Ngao anatakiwa kubonyeza kitufe cha ngao kila chatu anapovuta pumzi. Akikosa mara mbili, kaliwa.

Ngao wa Kusini ni mlima. Vichwa vitatu vinamgonga, yeye yuleyule. Mundu wa Mama Walburga ukaanza kunong'ona. Mimi nikanyanyua Radi. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, nikashusha. Mia tatu! Nikapiga ukelele dukani. Kichwa cha kwanza kikadondoka. Bila shaka hasa kwa sumu ya Mama, lakini nilikuwepo. Kichwa cha pili kikadondoka. Hakijawahi kudondoka!

Nikapagawa. Nikakimbia mbele ya ngao ili nipige kutoka karibu. Kichwa cha tatu kikaanza kunigeukia mimi. "Rudi nyuma, we mtu wa maji!" Mama Walburga alisema bila kuinua sauti. Na hapo, kwa mara ya kwanza, Ngao wa Kusini akaandika kwenye kioo:

*Tafadhali zingatia utaratibu uliowekwa.*

Sentensi ile naijua. Naijua na nukta yake. Imeandikwa kwa wino mwekundu pembeni ya madokezo yangu yote tangu niajiriwe. Ripoti za Jumamosi. Mlango uliofungwa. Kompyuta pekee ya ofisi.

Nilisimama. Sikupanga kusimama, miguu ilisimama yenyewe, kama Bwana Pankras anapoingia masijala. Nikiwa wima, mikono yangu ikaandika: *Shikamoo Mkuu.*

Ungefanyaje? Nilikuwa mbele ya mtu mzima, tena nimemtangulia!

Naye ni mtu aliyelelewa. Shikamoo haiachwi hewani. Akaiacha ngao, akaandika: *Marahaba. Hujambo?*

Chatu akamgonga mara moja. Nikaandika: *Sijambo Mkuu.* Chatu akamgonga mara ya pili, akammeza. Kisha akanimeza mimi, na upanga. Kisha akammeza Othmar, aliyekuwa anajaribu kutuponya wote huku akitutukana kwa Kimatengo.

Akabaki Mama Walburga.

Sina maneno, lakini nitajaribu. Mwanamke mmoja, mundu mmoja, chini ya kichwa kilichobaki. Hakukimbia. Alizunguka polepole, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Mkato, hatua. Mkato, hatua. Wasafiri wakaingia kutoka stendi na mizigo yao wakasimama kutazama. Dakika nne nzima! Chatu alibaki na damu ya kujaza kijiko. Mama mwenyewe alibaki na tone. Kisha mkia, ambao hakuna aliyeukumbuka, ukamfagia.

Watu walimpigia makofi. Nami nilipiga, nikiwa bado nimesimama. Mama Walburga aligeuka akaniangalia, akasema tu: "Mwanangu, ulikuwa unamsalimia nani?"



Jumapili, 12 Julai

Kanisani sikusikia somo hata moja. Kesho nafukuzwa. Nimeshatunga barua ya kumwarifu mama Liuli. Rasimu ya tatu ni nzuri sana.

Jioni Tadei karudi, kanenepa. Kamletea Mama Walburga mbasa mkubwa aliyekaushwa, na Othmar mwingine. Kahadithia dukani jinsi watu wa Chiwanda walivyomcheka kwa mizani yake, kisha wakampa ugali. Sasa anapendwa na wote. Kiti kimekwenda.

Jumatatu, 13 Julai

Niliitwa saa mbili na nusu. Nilikwenda na kalamu zote za ofisi, ili nizikabidhi.

Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akafunga mlango. Akaniambia amezaliwa wilaya hii, ana miaka hamsini na nne, na hajawahi kuona mche wa kahawa Chiwanda. Nikasema ndiyo Mkuu. Akasema Othmar alikwisha kumwandikia mchezoni kuhusu makarani wawili wanaogombea kiti, na barua ile alisaini kwa kujua, kwa sababu yule Tadei na upinde wake hajui kungoja, atachokoza chatu kabla ya ngao. Nikashika kiti.

Kisha alizungumza kama mwalimu bora niliyewahi kuwa naye. Alisema kusimama mbele na kupigwa amekuzoea. Kila Ijumaa anapokea wakulima. Alisema wapigaji wengi wanatafuta namba kubwa moja ya kujivunia, lakini kazi ya mpigaji ni pigo dogo lisilokatika. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba tangu ajiunge na huduma hajaona mtumishi kama Mama Walburga. Nikasema hata mimi. Tukainamisha vichwa wote wawili kwa heshima.

Mwisho akatoa uamuzi. Kiti cha Jumamosi ni changu, amekwisha kumwandikia Othmar. Masharti mawili. Kwanza: niutupe upanga, nichukue mundu, alama zote ishirini na moja ziende kwenye Sumu. Pili: mle ndani hakuna mkuu wala karani, nisimwamkie tena hata akianguka kutoka mbinguni. Nikikosea lolote, kiti ni cha Tadei hadi nitakapostaafu.

Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa, Mkuu. Nililia kidogo masijalani, kwa furaha, nyuma ya kabati la M hadi P.

Mtu mkubwa yule! Masharti ya busara kabisa. Nimeyanakili mara mbili.

Jumanne, 14 Julai

Nimetekeleza.

Mundu nimeuchukua. Nimeuweka mkobani. Mkononi nimeshika upanga mpya, Radi Kuu, sekunde tisa, pigo mia nne! Sikuutupa ule wa zamani bali nimeubadilisha, ambalo ni jambo tofauti kiutaratibu. Alama za vipaji nilizipeleka zote kwenye Sumu, nikakaa nazo usiku mmoja, nikaona Nguvu na Wepesi wamebaki sifuri kama yatima. Nimewarudishia saba saba.

Kuhusu sharti la pili nimefikiri sana. Tatizo la Jumamosi halikuwa shikamoo. Tatizo lilikuwa kasi. Nilitumia sekunde nzima kuiandika, na vitani sekunde ni kitu kikubwa. Kwa hiyo Othmar kanionyesha jinsi ya kuhifadhi maneno kwenye kitufe kimoja. Sasa nikigusa F4, *Shikamoo Mkuu* inatoka papo hapo, na nikigusa F5 inatoka *Sijambo Mkuu, habari za nyumbani?* Yeye ataitikia upesi zaidi, na tutaokoa muda wote wawili. Atafurahi. Sitamwambia, nataka aone mwenyewe.

Wewe msomaji, ukitaka kunipata, usiulize ofisini. Andika kikaratasi, kichwa cha habari kiwe "Yahusu Vyoo", ukichomeke humu baada ya ukurasa wa tisa. Au njoo kwa Othmar Jumamosi saa nane mchana, kompyuta ya dirishani. Ukikuta Tadei amekaa hapo, nitakuwa nimesimama nyuma yake.