Msondo Wangu na Saa za Kizungu

Jumatatu, 3 Agosti 2009
Leo nimeifundisha kompyuta kupiga msondo, ngoma yangu ndefu. Waliokuwapo hapa Utende watasema aliyefundisha ni Mwalimu Sospeter, mtu wa Bukoba, na mimi nilibonyeza kinanda aliponiambia nibonyeze. Haya, ni kweli. Lakini nilibonyeza kumshinda Hemedi, aliyepiga chapuo lake, kingoma kile kidogo, kama anaua kunguni. Wimbo ni wa Bi Mwanamkuu, mkuu wa kikundi chetu. Utapigwa kwenye spika Jumamosi, sherehe ya hifadhi ya bahari. Bibi katangaza: atakayesikika vizuri ndiye atakayeshika msondo harusini kwa bintiye. Miaka thelathini msondo ni wangu.

Jumanne, 4 Agosti
Sospeter kafungua orodha. Wimbo mzima umepangwa mistari, kama daftari la mahudhurio. Kila pigo na mstari wake: wakati, ngoma gani, nguvu kiasi gani. Mwisho wa nguvu ni 127. Alipokwenda kunywa chai nikamshusha Hemedi, mapigo yote, hadi 1. Akarudi, akabonyeza vitufe viwili, yakapanda tena. Akasema shikamoo mzee, ila usiguse. Nikaitika marahaba. La kutogusa sikuliitika.

Alhamisi, 6 Agosti
Nimeichunguza safu ya wakati. Msondo wangu unaanza 7. Chapuo la Hemedi, 7. Nikacheka peke yangu. Mashine ya Ulaya, saa za Ulaya! Saba yao ni saa moja yetu. Nikaondoa sita kwenye kila mstari wa msondo. Vidole vimevimba. Ya Hemedi nimewaachia Wazungu. Atalia saa sita baadaye, watu wameshakula pilau na kulala.

Jumamosi, 8 Agosti
Kumbe mwanzo wa wimbo ni wa Bi Mwanamkuu peke yake: anamsalia Mtume, anasalimia wageni. Msondo ukaingia humo humo. Maofisa wa hifadhi wakageukia baharini, wakidhani kuna mtu anavua kwa baruti. Na mwishoni, penye kuzungusha viuno, msondo ulikuwa umeshamaliza kazi. Chapuo la Hemedi likabaki peke yake. Hata wenye magoti mabovu walicheza.
Bi Mwanamkuu kaniambia mbele za watu: Matano, hata jogoo hungoja alfajiri. Harusi kapewa Hemedi. Sospeter kaeleza kuwa namba zile si saa, zinahesabu hatua za wimbo tangu unapoanza. Nikamwambia hayo ni mambo ya bara.

Jumapili, 9 Agosti
Nimefikiri. Kosa si ile sita. Kosa nilisahau kwamba siku yetu huanza magharibi. Ilitakiwa niondoe kumi na mbili.
Wimbo utapigwa tena harusini. Sospeter kaifunga kompyuta kwa neno la siri. Sina kinyongo. Ila Mwalimu, ulipozama kwenye matope ya mikoko hadi kiunoni, maji yanajaa, unamwita mama yako, nani alikuvuta? Na nani hajamwambia mtu mpaka leo? Sitaki shukrani. Robo saa tu, mbele ya orodha.