Kilo ya Muntu na Kilo ya Samaki

Lundi, 7 mwezi wa tatu 1994
Séphora, mutoto yangu mumoja tu, banaleta mahari yake samedi kule Kinshasa. Mama yake alishakufa. Njo mimi baba nipokee. Treni haifike tena. Inabaki ndeke. Niliuliza bei asubui, niliuliza tena mangaribi. Ndeke ingali chini, bei yake ilisharuka!

Mardi, 8
Mama Émerance, mucuruzi wa Butembo mwenye namubebeaka mifuko, anatuma samaki ya Pweto na ndeke ya mizigo. Muntu wa kuilinda halipe. Nilimuomba. Kumbe shemeji Nkandu, kaka ya marehemu bibi yangu, alishaomba! Eti kwa Babemba, mujomba njo mwenye mutoto.
Mama akasema: «Kila kilo ya muntu inaondosha kilo ya samaki yangu. Mutapimwa. Mwepesi ataenda.»

Mercredi, 9
Sikule. Maji tu. Nkandu nilimutumia bukari ya unga ya mahindi na chungu ya pombe ya munkoyo, juu azidi uzito. Alimaliza yote. Alinishukuru.

Jeudi, 10
Sikule. Niliangusha mufuko. Mama aliuliza kama niko mugonjwa. Nilisema niko najitayarisha.

Vendredi, 11
Ku Luano, kiwanja ya ndeke. Mizigo ya mukononi banalipisha. Mimi sio mujinga: nilivaa yote. Suruali tatu, makoti mbili, mabuti ya kazi, blanketi ya zawadi ya Séphora chini ya makoti. Nkandu alifika na kaptula na kandambili. Nilimucheka.
Nilipanda ku mizani. Mwape mupimaji aliangalia, akaangalia tena. Nilianza kuvua.
«Papa, nilishaandika. Mwengine.»
Nkandu alienda, alikalia samaki sawa chefu.

Lundi, 21
Nkandu alirudi. Anavaa kostime ya baba, ile bakwe banaleta na mahari. Mikono ya koti inamupita. Anasema Séphora alilia, alikuwa anauliza papa iko wapi. Ndoa ya kanisa ni mwezi wa nane. Mutoto anataka mimi njo nimuingize.
Nachoka.

Mardi, 22
Mwape alinambia: mwenye kusindikiza maiti ku ndeke halipe.
Nilienda kwa jirani, muzee Asani, mugonjwa. Niliuliza polepole kama hana ndugu Kinshasa. Bibi yake Kulthumu akajibu Waislamu banazika siku ileile, tena hapahapa, na bwana yake iko muzima. Akashika fagio.
Inabaki Émile wa avenue ya pili, muzaliwa wa Kinshasa. Nilimupelekea machungwa. Anakohoa muzuri.