Chumba Alicholala Mwalimu

Sukari alikuwa kwenye foleni ya duka la fotokopi, mkononi cheti cha utabibu alichojitunuku mwenyewe wiki ile, aliposikia riziki ikimwita. Iliita kwa sauti ya bibi mmoja mwembamba, mwenye miwani minene, aliyekuwa ametandaza majarida makuukuu juu ya kaunta.

"Taratibu, baba," bibi alimwambia mwenye duka. "Yakichanika haya, Mwalimu wetu anapotea tena."

Sukari hakuwahi kusikia neno "wetu" bila kujiuliza hao "sisi" wako wangapi na wana nini. Akasogea.

"Shikamoo, bibi. Mwalimu gani huyo?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwalimu wa Ukimya."

Mwalimu huyo alikuwa amekufa zamani. Alifundisha watu kunyamaza, na akaandika vitabu kumi na viwili kueleza namna ya kunyamaza. Ujanani alizunguka mji hadi mji bila kuweka kumbukumbu yoyote, kwa hiyo wafuasi wake, ambao bibi alikuwa katibu wao, walikuwa wakimtafuta kwenye matangazo ya majarida ya enzi hizo: atazungumza ukumbi fulani, saa fulani, amefikia kwa bwana fulani.

"Tumempata karibu kote," alisema Bibi Katibu. "Isipokuwa mwezi mmoja tu, wa tano. Hapo katutoroka."

"Na mkiipata nyumba aliyofikia?"

"Tunaweka kibao, tunakwenda kukaa kimya chumbani mwake. Kila mtu anaacha kidogo kwenye sanduku, kwa ajili ya mwenye nyumba."

Sukari alifumba macho kwa heshima. Kwa kweli alikuwa anaona sanduku.

Nyumba alikuwa nayo, ila si yake. Ilikuwa ya Mama Mlango, aliyempangisha chumba cha uani, mwanamke aliyewatoza wapangaji hela ya kuanika nguo kwenye kamba waliyoinunua wenyewe. Sukari alimkuta jikoni, akammwagia maneno yote aliyokuwa nayo. Mama alisikiliza huku akimenya viazi.

"Kwa hiyo huyo Mwalimu alilala hapa?"

"Atakuwa alilala, Mama, nikishamaliza kazi."

"Nusu kwa nusu?"

"Nusu kwa nusu. Tuandikiane?"

"Mambo ya kiroho hayaandikwi, mwanangu," alisema Mama Mlango, na uso wake ukajaa uchaji ambao Sukari hakuwahi kuuona siku za kodi.

Gharama zote alibeba Sukari. Alinunua jarida la mwaka ule wa mwezi uliokosekana, lenye ukurasa mtupu nyuma, akamlainisha fundi mmoja mwenye mashine kongwe ya kuchapia, akaufifisha wino kwa chai ya rangi na pasi ya moto wa kadiri. Tangazo likatoka zuri kuliko ukweli: Mwalimu atazungumza na wote tarehe tisa Mei, saa kumi jioni, amefikia nyumba yenye mlango wa buluu, nyuma ya kiwanda cha sabuni, kiingilio bure. Kisha akaisafisha stoo ya Mama, akatoa magodoro yaliyooza na baiskeli isiyo na magurudumu, akapaka chokaa mpaka mgongo ukamkatika. Tangu azaliwe hakuwahi kufanya kazi halali kwa bidii kiasi hicho.

Sukari alipompelekea habari kwamba ameokota tangazo stoo, Bibi Katibu alikuja na wenzake wanane, wote kimya. Aliketi sebuleni, akalisoma tangazo mara mbili. Kisha akafungua mkoba, akatoa jarida jingine.

"Hili nimeletewa juzi," alisema. "Tarehe tisa Mei, saa kumi jioni, Mwalimu alikuwa anazungumza ukumbi wa reli, mji ulio mwendo wa siku mbili kwa treni kutoka hapa."

Sukari alipima dirisha kwa jicho. Lilikuwa na nondo. Mama Mlango alianza kumtazama kama mtu asiyemjua kabisa, hata kwa sura.

"Bibi, labda wachapaji wa zamani walikosea..."

"Hawakukosea!" Machozi yalikuwa yanamtiririka Bibi Katibu. "Siku ileile, saa ileile, miji miwili! Tulikuwa tunasikia tu kwamba alijaliwa uwezo huo. Leo tuna ushahidi wa maandishi!"

Wale wanane, waliokula kiapo cha kunyamaza, wakapiga vigelegele.

Basi ikawa si nyumba ya kawaida tena. Watu walimiminika kutoka kila upande, wakavua viatu, wakakaa stoo. Sanduku moja halikutosha, yakawekwa matatu. Mama Mlango alianza kuvaa nyeupe na kuzungumza kwa kunong'ona. Sukari alingoja nusu yake mpaka uvumilivu ukamwishia, akamfuata jikoni.

"Mama, fungu langu."

"Fungu la nini, mwanangu?"

"La tangazo! Si mimi niliyelitengeneza?"

"Ulilitengeneza?" Mama alishika kifua. "Mimi najua uliliokota. Kama kuna jingine, nenda kawaambie wenyewe."

Hasira zikampanda, akaenda. Alisimama katikati ya stoo, mbele ya watu wapatao arobaini waliofumba macho, akapaza sauti. "Mmedanganywa! Tangazo nimeliandika mimi! Kwa chai na pasi! Mwalimu wenu hakuwahi kukanyaga hapa!"

Bibi Katibu alifumbua macho, akamtazama kwa huruma nyingi mno.

"Maskini. Kila alikopita Mwalimu alitokea mtu wa kumkana. Hapa tulikuwa bado hatujampata." Akamgeukia mwenzake. "Andika."

"Aandike nini? Nasema mimi ni tapeli! Muulizeni Mama!"

Mama Mlango alikuwa mlangoni, anajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Msameheni," alinong'ona. "Ni mpangaji wangu, namlea kama mwanangu. Kichaa kilimpata alipokuwa anapaka chokaa chumba hiki kitakatifu. Matibabu yake ni ghali, nami ni mwanamke peke yangu."

Sanduku la nne likaletwa palepale. Watu walipanga mstari, wakachangia, na kila aliyepita alimgusa Sukari begani na kumwambia pole. Mzee mmoja, aliyeguswa moyo kuliko wenzake, akamfumbatisha noti kiganjani.

Mama Mlango aliichomoa taratibu.

"Mgonjwa hapewi hela mkononi, baba," alisema. "Atazitafuna."