Vita vya Ubao wa Kati

Sogeeni, enyi watu wa Chole na wa Utende, na nyinyi wa Miburani msiopenda kusogea! Wenye kusuka ukili wasuke kimya, wenye watoto wawapakate, na mwenye kukohoa akohoe sasa amalize, kwa maana nataka kuwahadithia vita vikubwa vilivyopiganwa zama zile Wadachi walipokuwa na boma lao Chole. Vita ambavyo havikumwaga damu hata tone, bali vilimwaga maji mengi, na sehemu kubwa ya maji hayo ilinimwagikia mimi.

Jueni kwanza ya kuwa kila asubuhi sisi watu wa Chole tulivuka kwenda mashambani kwetu Utende kwa mashua ya Nahodha Shaabani, Mvushaji wa Umma, Mtukanaji wa Wachelewaji. Mashua ile iliundwa kwa ajili ya watu wachache wembamba, nasi tulikuwa wengi na wengine wetu tumeneemeka. Tulipangana humo goti kwa mgongo, na mtu akijikuna, jirani yake ndiye aliyepata nafuu.

Lakini katika msongamano ule palikuwa na ufalme, na ufalme wenyewe ni ubao wa kati. Hapo waliketi mashoga watatu: Bimkubwa, mkongwe wao, aliyevuka na kuku wake kila siku ili kuku huyo akale mchwa wa shamba, Mwanamkuu, jasiri wao, ambaye hata nahodha alimwamkia kwanza, na Biubwa, mcheshi wao, ambaye kicheko chake kilifika Utende kabla ya mashua. Waligawana tambuu, waligawana habari, wakatusema sote tuliokaa karibu, nasi tukijifanya hatusikii.

Kisha Biubwa akafiwa na mumewe, akaingia eda. Muda wote wa eda Mwanamkuu aliweka pakacha la shoga yake pale ubaoni, likavuka kila asubuhi na kurudi kila jioni kama abiria mwenye heshima zake. Wala hapakutokea mtu, hata sisi tuliochuchumaa juu ya nanga, aliyethubutu kulisogeza.

Eda ikaisha, lakini Biubwa hakutaka kutoka. Alimwambia Mwanamkuu waziwazi: “Shoga, nayaogopa macho ya watu. Kesho nitakuja kwa ajili yako. Lakini nikikuta pangu pana mtu, nitajua watu wameshajipanga bila mimi. Nitarudi nyumbani, na shamba na liote magugu.”

Hapo ndipo shujaa wetu alipokosea kosa la mtu mwenye furaha. Alfajiri alikwenda kumchukua Biubwa nyumbani kwake, na pakacha akampa mwenyewe alibebe. Basi siku ile moja, siku ambayo mwenye ubao alikuwa njiani anakuja, ubao haukuwa na mlinzi.

Akatokea Bwana Hamoud bin Muhsin, Mwenye Minazi Isiyohesabika, Simba wa Kanzu Nyeupe! Desturi yake ilikuwa kuketi tezini, kule nyuma kwa nahodha, ila siku ile tezi ilijaa magunia ya mbata, na mbata, kama mjuavyo, huacha mafuta, na kanzu ile ilikuwa mpya. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akauona ubao wa kati uko mtupu, akamshukuru Mola wake, akakaa.

Biubwa alikuwa ameshaingia majini hadi magotini alipoona. Akasimama.

“Umeona, shoga,” akasema kwa sauti ndogo, akageuza uso pwani.

“Ngoja hapo,” akasema Mwanamkuu. “Usiende popote.”

Akaupanda ubavu wa mashua kama apandaye ukuta wa ngome, maji yakimchuruzika, akakanyaga mguu wangu bila kuuona, akasimama mbele ya adui.

“Shikamoo, Bwana Hamoud.”

“Marahaba, binti.”

“Bwana wangu, wewe una minazi hata macho yachoke kuitazama. Una baraza, una kitanda cha samadari. Mwenzangu yule pale ana ubao huu tu, nao ni shubiri mbili. Nakuomba, kwa heshima ya wazee wako, mwachie akae.”

Bwana Hamoud akapapasa ndevu zake. “Binti, ubao wa chomboni hauna hati. Ni wa aliyeukalia. Nami nimeukalia.”

“Maji yanakupwa, jamani!” akanguruma Shaabani. “Apandaye apande, abakiye abaki!”

Mwanamkuu akanyamaza. Nami niliyemjua tangu utotoni niliingiwa na hofu, kwa sababu Mwanamkuu akisema, ana hasira, lakini akinyamaza, ana mpango.

“Umesema kweli, Bwana,” akasema. “Ubao ni wako. Basi na kazi zake ni zako.” Akamkabidhi kifuu cha nazi.

Maana chini ya ubao ule ndipo ilipo ngama, shimo linalokusanya maji yanayovuja, na desturi ya mashua ni kwamba akaaye juu yake ndiye ayafuaye, ayachote na kuyamwaga baharini.

“Ndivyo, Bwana,” akasema Shaabani, ambaye hakumwogopa tajiri yeyote chombo chake kikivuja. “Hatung'oi nanga mpaka ngama ikauke.”

Bwana Hamoud alikuwa muungwana, hilo silikatai. Alikunja mikono ya kanzu, akachota, akarusha. Pigo la kwanza likanipata mimi. La pili likanipata mimi tena. La tatu likampata nahodha, naye akatamka neno ambalo historia hii ina haya nalo.

Hapo Bimkubwa, aliyekuwa ndiyo kwanza anapanda, akaketi kando yake ubaoni, akamwekea kuku mapajani. “Mshike, mwanangu. Huyu hutulia hapo tu.”

Kuku akatazama juu, akaona ndevu asizozijua, akafanya juu ya kanzu mpya lile afanyalo kuku mwenye hofu.

“Sasa sikiliza kisa cha mbuzi wangu alivyoibwa,” akasema Bimkubwa. “Akaaye hapo ndiye hucheka.”

Sote tulikijua kisa kile kwa moyo, nacho ni kirefu. Bwana Hamoud akaitazama kanzu yake, akayatazama magunia ya mbata, akaona hana tena cha kuokoa. Bega likaanza kumtikisika, kisha akacheka mwenyewe, akainuka.

“Biubwa! Njoo pako, bibi. Wallahi, ufalme huu siuwezi.” Kisha akasema polepole, “Na Mungu amrehemu marehemu. Alikuwa mtu mwema.” Akaenda kukaa juu ya mbata.

Biubwa alisimama kidogo majini. Kisha akalitupa pakacha chomboni, akapanda, akapenyeza nyonga zake baina ya mashoga zake, akakichukua kifuu. Maji aliyoyarusha yalikwenda baharini, kama ipasavyo.

Bimkubwa akaanza kisa. Hata mbuzi hajafunguliwa kamba, Biubwa akaangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio. Mwanamkuu akamkumbatia. Na Bimkubwa, mkongwe yule mwenye hekima, akaendelea na mbuzi wake kwa sauti ya juu zaidi, ili sisi tusisikie mtu akilia. Nasi tulimpenda kwa hilo.

Basi na iandikwe, enyi mliosikiliza! Wengine wamesimuliwa miji iliyotekwa na masultani waliokimbia. Mimi nawapa shubiri mbili za mbao zilizorudishwa kwa mwenyewe, asubuhi, maji yakikupwa, mbele ya umma uliolowa. Siku ile Biubwa alivuka. Na jioni akarudi nasi, miguu ina udongo wa shamba, amesinzia begani mwa Mwanamkuu, nasi tukasongamana zaidi ili tusimwamshe.