Hotuba ya Kufungua Kituo cha Watafiti Wachanga, Mbumbuni

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi ambaye hajafika, mwakilishi wa huyo mwakilishi ambaye amefika lakini bado yuko hotelini anamalizia mbuzi, wachungaji wa makanisa yote pamoja na lile lililogawanyika jana, maimamu waliotoka Kitui na Mwingi, machifu, manaibu wa machifu, wake wa manaibu wa machifu, stekiholda wote kwa ukubwa wenu, na zaidi ya yote ninyi watafiti wachanga, mlio mgongoni na mnaonyonya: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mtafiti mmoja analia.)

Mimi, Daktari wa heshima Ndeti Musyimi, Mratibu Mkuu wa Uratibu wa Kitui na Makueni, mtu aliyekunywa chai Jeneva na akaomba kikombe cha pili bila kuona haya, nasimama hapa kufungua rasmi Kituo cha Mafunzo ya Watafiti Wachanga wa Afya ya Mazingira ya Watoto, ambacho kwa mujibu wa fremuweki, rodimapu na kapasiti bilding niliyoisimamia mimi binafsi, kitakuwa cha kwanza Afrika nzima na cha pili duniani, maana hatutaki kujivuna. (Vicheko.)

Sasa, kuna watu wa maneno. Wanasema ati waliotunga tangazo la mafunzo haya, waliposema "watafiti wachanga", walimaanisha vijana waliotoka chuo juzi ambao ndio wanaanza kazi ya utafiti. Jamani, mimi Kiswahili nimesoma mpaka darasa la saba, nikakiacha kikiwa bado kinanihitaji. Mchanga ni mtu ambaye hajaota meno. Ndiyo sababu nilituma gari la kipaza sauti lizunguke Mukuyuni mpaka mjini Wote likiita kina mama wanaonyonyesha, na ndiyo sababu askari wangu amemzuia langoni yule binti Mutanu mwenye digrii ya afya ya mazingira. Nimemtazama mdomoni mwenyewe. Meno yote yapo. (Vicheko. Mutanu anainua mkono akiwa langoni. Ndeti anautazama na kuendelea.)

Huyu Mutanu nampenda, ni binti yetu, lakini amenichosha. Mnajua nyuma ya hema hili kuna nasari, na nyuma ya nasari kuna bwana mmoja anayechoma matairi kuukuu apate zile waya za ndani auze kama vyuma chakavu. Kila wiki Mutanu yuko ofisini kwangu, ati watoto wanakohoa, ati afundishwe na aazimwe mashine ya kupima moshi, halafu tumfukuze yule bwana. Nami kila wiki namjibu kitaalamu: moshi ambao haujapimwa, ofisi yangu haiutambui. Na anayepima lazima awe mtafiti mchanga aliyefuzu katika kituo hiki. Huo ndio utaratibu. Hata leo moshi ukiingia hapa, kama unavyoingia sasa, uhesabuni kama mafunzo kwa vitendo. Takwimu zangu zinaonyesha asilimia mia moja ya waliohudhuria wamehudhuria, na asilimia mia moja na nne wamekohoa. (Kikohozi kutoka kila upande.)

Naona mama amesimama. Ni mwaitu, mama yetu, Kalekye wa kule sokoni. Sema, mwaitu.

(Kalekye: "Mheshimiwa, huyu wangu hajalala tangu juzi. Akisinzia, moshi unamwamsha na kikohozi. Sasa mimi nangoja afuzu ndipo apumue?")

Swali zuri sana, mwaitu, tena la kisera. Tutaunda jopo. (Minong'ono.) Tutaunda mawili. (Mutanu anapaza sauti kutoka langoni: "Kina mama, moto wa matairi hauhitaji kupimwa ndipo uzimwe. Leteni mchanga.") Binti, nawe husikii. Mchanga mmoja wa nini, na wachanga wameshaletwa, hema limejaa? (Vicheko vikubwa. Kina mama wanainuka.) Mbona mnasimama? Chai bado. Askari Kasyoki, fungua lango waulizwe wanakwenda wapi. (Lango linafunguliwa. Kina mama wanatoka na mabeseni, Mutanu mbele yao.)

Aa, mchanga ule. Sawa, na huo ni Kiswahili. Mwaitu Kalekye, utachotaje na mtoto mkononi? Nipe huyu mimi. Mimi nimelea tisa, hakuna hata mmoja aliyeanguka kwa muda mrefu. (Anampokea mtoto. Anaendelea kuhutubia akimbembeleza.)

Tazameni, wageni waheshimiwa, jinsi uongozi wangu unavyozaa matunda. Moshi unapungua. Waandishi, andikeni: mradi umepunguza moshi kabla ya mradi kuanza. Jeneva hawajawahi kuona kitu kama hiki. Lakini polepole na huo mchanga, kina mama. Ni wa Khalid, anajengea choo cha duka lake, na sisi tumekuwa tukiupiga picha tu ili wafadhili waone msingi umeanza. Na mngebakisha moshi kidogo hapo kwa kona. Wafadhili wakija wakute hewa safi, watafadhili nini? (Kina mama hawabakishi.)

Nimalizie. Namshukuru mkurugenzi wa kituo, ambaye atateuliwa siku kutakapokuwa na kituo. Nawashukuru wakufunzi kwa kutokuja mahali ambapo hapajajengwa. Nawashukuru wafadhili wetu, popote walipo na wowote watakaokuwa, kwa mchango ambao hatujawaomba kwa sababu hatujawapata. Hema ni la kanisa, viti ni vya kanisa lile lingine.

Sasa kaulimbiu, na nitaisema kwa sauti ya chini. Watafiti wachanga, juu. Hewa safi, juu zaidi. Ndeti, tena. Vizuri, itikieni moyoni. Muvea muno, asanteni sana. Na makofi hapana, tafadhali. Huyu amelala.