Uji Wenye Afya ya Ziada

Wananchi wa mtaa wa Bwaise walitangaziwa, kwa kipaza sauti na kwa heshima zote, kwamba kuanzia Jumatatu uji wa kawaida umestaafu kwa manufaa ya umma. Badala yake utauzwa uji wenye afya ya ziada: vitamini, madini, na kitu cha tatu ambacho Kamishna Obwona alijaribu kukisoma mara mbili, akakiruka. Kibanda ambacho wateja wake hawatakuwa na mtazamo chanya kufikia Ijumaa kitafungwa.

Afisa Mtazamo, Bwana Kidega, alipangiwa kibanda cha Nanyama, mama wa Kikenya aliyesomesha watoto wanne kwa sufuria moja. Kidega aliupenda uji wa mama huyo kuliko cheo chake. Sasa alisimama mbele ya benchi na fomu zake, roho juu.

"Mtazamo wako, ssebo?" alimwuliza kwa adabu bwana Onen, mwendesha bodaboda.

"Hii uji iko na afya?"

"Sana."

"Sasa mbona wameanza na sisi?"

Fomu haikuwa na kisanduku cha jibu hilo. Kidega akamgeukia Santa, mke wa askari, aliyekuwa ameziba pua.

"Mimi siko mgonjwa," Santa alisema. "Wape wagonjwa kwanza, tuone."

Kufikia Alhamisi watu arobaini walikuwa wamehojiwa, na vikombe arobaini vimemwagwa mtaroni. Hata kaloli, wale korongo wasiochagua takataka, waliupita uji ule wakiangalia kando.

"Afisa," Nanyama alisema, "kesho nikifungiwa, watoto watakula mtazamo?"

Kidega aliona aibu mpaka masikioni. Akazipitia fomu upya. Swali la tisa: ni nini kitaboresha mtazamo wako? Wote arobaini walijibu: tumwone Kamishna akiunywa, kila asubuhi. Na kanuni, yenye sahihi ya Kamishna mwenyewe, ilisema pendekezo la wateja wote ni amri. Kidega alikuwa mtu wa kanuni. Akagonga muhuri.

Ijumaa saa moja asubuhi Kamishna alifika, viatu mkononi kwa sababu ya mafuriko ya mvua ya usiku. Benchi lilijaa, chapati za Nanyama zikaisha. Kamishna akanywa, akafumba macho, akameza. Mtazamo ukapanda papo hapo hadi asilimia mia moja. Hakuna mwingine aliyekunywa, lakini fomu haikuuliza hilo. Kibanda kikapona, na Nanyama akacheka mpaka akashika meza.

Kamishna alitazama kushoto na kulia, akamnong'oneza mama huyo kwa adabu: "Nnyabo, ile ya zamani haiko?"

"Ilistaafu, ssebo. Sahihi yako hiyo hapo, kwenye tangazo ukutani."

"Na mimi nitakunywa hii mpaka lini?"

Kidega akafunua kanuni, akasoma kwa unyenyekevu. "Mpaka na wewe utakapostaafu, mheshimiwa."

Nanyama akamwongezea kikombe.